Mke Mwenza wa Chuma

Baba yangu mdogo alianza kumpima mke wake, mama mdogo, kwa kamba katika mwaka wa ishirini na tatu wa ndoa yao, mchana kweupe, mbele ya wakata miwa wote. Mama mdogo alikuwa ameinama na panga lake, uso mweusi kwa masizi ya miwa iliyochomwa moto jana yake. Mume wake alikuwa amechuchumaa nyuma yake na kamba yenye mafundo. Alipima kutoka nyonga hadi bega, kutoka bega hadi kiwiko, kisha akaandika katika daftari la shule lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma.

"Unanipimia jeneza?" mama mdogo aliuliza bila kuinuka.

"Simama hivyo hivyo," akasema. "Yaani usisimame. Inama hivyo hivyo."

Wanawake wa kikosi chake waliweka mapanga chini ili wacheke vizuri. Mmoja alisema wapo wanaume wanaochelewa kuwaona wake zao, lakini huyu amepitiliza. Mwingine alimshauri mama mdogo adai kitambaa, kwa sababu mtu hapimwi bure. Nyapara alikuja mbio kuona kwa nini kazi imesimama, akamkuta baba mdogo, fundi wa karakana ya shamba, sasa amelala kifudifudi kati ya mistari ya miwa, shavu liko ardhini, akitazama panga la mke wake linavyoingia kwenye shina. Nyapara alifikiri kidogo, akaona jambo hilo halimo katika kanuni za kazi, akaondoka.

Pale shambani baba mdogo aliitwa Nati. Jina lilitokana na mifuko yake. Hakuna nati, bolti wala springi aliyoweza kuipita barabarani akaiacha, na suruali yake ilihitaji mkanda, na juu ya mkanda kamba. Katika misiba, watu wakiwa wamekaa kimya, ungesikia mlio mdogo wa chuma ukajua Nati naye amefika kutoa pole. Alikuwa mwembamba, mwenye kope zilizoungua kwa cheche za kuchomelea, na alizungumza taratibu kama mtu anayesoma maandishi yaliyo mbali.

Alikuwa amekwisha kubuni vitu vingine. Kulikuwa na kengele ya kuku, ambayo ilipaswa kulia kuku anapotaga. Ililia kuku alipotaga, alipokula, alipogeuka na alipowaza, na baada ya siku tatu kuku waliacha kutaga kabisa. Kulikuwa na kiti kilichojibembeza chenyewe kwa uzito wa mawe. Bibi, mama yake mama mdogo, alikikalia baada ya chakula cha mchana, akashushwa saa kumi na wanaume wawili. Hakulalamika. Alisema tu kwamba amepata muda wa kuyatafakari maisha ya binti yake.

Lakini mashine ya miwa haikuwa mchezo, ingawa ilichekesha kuliko vyote. Ilikuwa kwa ajili ya mgongo wa mama mdogo. Alikuwa amekata miwa tangu usichana wake, na mgongo ulikuwa umezoea kuinama kiasi kwamba hata nyumbani alitembea kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Muuguzi wa zahanati alimpapasa uti wa mgongo kwa muda mrefu, akamwambia waziwazi kwamba akikata misimu miwili mingine, atamaliza maisha yake akiwatambua watu kwa viatu vyao. Mama mdogo alimshukuru, akachukua dawa ya kuchua, na kesho yake alfajiri alikuwa shambani.

Hakuwa mkaidi wa hivi hivi. Alikuwa na sababu, na aliieleza kila alipopata msikilizaji. Utamu wa muwa uko chini, karibu na udongo. Mkataji mvivu huacha kisiki cha urefu wa kiganja, na kisiki hicho ni sukari waliyoachiwa mchwa. Mama mdogo alikata usawa wa ardhi. Ungeweza kupita peku kwenye mstari wake usijikwae. Kupita kwenye mistari ya wengine, alisema, ni kutembea juu ya meno. Akiondoka yeye, nani atakata hivyo? Baba mdogo alipomsihi aache, jibu lilikuwa moja, na alilitoa mbele ya mashahidi, yaani kikosi kizima.

"Siku utakayoleta kitu kinachokata chini kama mimi, siku hiyo panga naliweka," alisema. "Kabla ya hapo usinisumbue."

Mume mwingine angelichukua hilo kuwa ni kukataliwa. Baba mdogo alilichukua kuwa ni oda ya kazi.

Alivaa shati lake la kwendea harusi za watu, akaenda kwa meneja wa shamba kuomba kona moja ya karakana na ruhusa ya kuchagua vitu kwenye lundo la chuma chakavu. Meneja alikuwa mtu mnene, msafi, aliyeweza kushinda kati ya miwa iliyoungua asipate doa hata moja, na hakuna aliyejua alifanyaje. Alikubali kwa sharti. Siku ya mwisho ya mavuno mashine ingejaribiwa mbele ya watu. Ikishindwa, vyuma virudi kwenye lundo, na ile kona iwekwe mbolea.

Hivyo ndivyo kupimana kulivyoanza. Wakataji walikuwa arobaini. Baba mdogo hakumtazama mwingine hata mmoja, kwa sababu hakuona haja ya kujifunza kwa wanafunzi wakati mwalimu yuko nyumbani kwake. Kila alipopata nafasi alikwenda ukingoni mwa shamba, kando ya barabara ya matrekta, ambako mama mdogo alikuwa na mstari wake tangu zamani, akaketi juu ya debe, akahesabu. Alihesabu hatua. Alihesabu mapigo ya panga. Alichora mkono ukishika muwa, ukikata, ukiinua, ukikata kilele chenye majani, ukirusha. Michoro ilijaza madaftari manne. Jirani yao, mwalimu mstaafu, aliyafungua moja moja akasema mchoraji hana kipaji chochote, lakini hakuna kitu alichokiacha.

Mashine ilizaliwa polepole. Magurudumu matatu yalitoka kwenye matoroli. Injini ilikuwa ya pampu ya maji iliyokataliwa na watu wa bustani. Mkono wa kukamatia ulikuwa uma wa mbele wa baiskeli, na vidole vyake springi za kochi. Mwili ulikuwa wa bomba, ukiinama na kuinuka, na mwendeshaji alitakiwa kutembea nyuma ameshika vishikio viwili kama anayesukuma toroli. Injinia mmoja wa kiwandani, kijana mwenye shahada, alikuja kuitazama akamweleza kwa adabu kwamba mashine za miwa haziinami, zina visu vya duara vinavyozunguka. Hata ndege, alisema, haikutengenezwa kwa kupigapiga mabawa. Baba mdogo alifikiri, akamuuliza kama ndege hiyo inakata chini.

Kila sehemu aliipa jina la kiungo alichokipima, na hapo ndipo matata yalipoingia. Asubuhi mafundi wenzake walimsikia akisema kiuno kimekaza, nimekipaka grisi. Adhuhuri alilalamika kwamba bega linalegea likiguswa. Jioni alifika nyumbani akatangaza mbele ya wageni, kwa furaha kubwa, kwamba hatimaye nyonga zimekaa sawa. Haikuisha wiki kabla kikosi hakijampa mama mdogo taarifa kwamba ameletewa mke mwenza.

Walimpa habari kila asubuhi, wakinoa mapanga. Mwenzako jana kaogeshwa petroli. Mwenzako kanunuliwa mkanda mpya, wewe wa kwako umeungwa kwa pini. Mama mdogo aliwajibu kwamba wamwache, na akijifungua atampelekea nepi za gunia. Hakwenda karakana kumwona hata siku moja. Lakini wakati wa kuosha vyombo, akiwa amempa mumewe kisogo, aliuliza kwa sauti ya mtu asiyejali:

"Mgeni wako ameshindaje leo?"

Na baba mdogo, ambaye kejeli ingeweza kumpigia honi asiisikie, alijibu kwa kirefu, kuanzia beringi.

Miwa ya shamba haikuruhusiwa kuchezewa, kwa hiyo alifanyia majaribio mafagio. Alisimika mpini kwenye ndoo ya mchanga, akawasha injini, mkono ukakamata, panga likakata, mkono ukarusha ukutani. Pale ukutani alitundika godoro kuukuu ili kelele zipungue, na hakuna aliyejiuliza kwa nini godoro liko ukuta ule na si ule mwingine. Mafagio kumi na moja ya ofisi yaliisha. Mfagiaji wa ofisi, mwanamke mpole, aliandika barua ya malalamiko, akawa mtu wa kwanza katika shamba lile kuishtaki mashine kwa maandishi.

Siku ya mwisho ya mavuno ilifika na jua kali. Meneja alikuwa ameagiza libakizwe pande la mistari sita katikati ya shamba lililokwisha kukatwa, ili kila mtu aone vizuri. Mashine ilisukumwa na wanaume wanne hadi kwenye mstari wa kwanza. Kikosi cha wakataji kilikaa nyuma, chini, miguu imenyooshwa, kama watu waliolipia viti. Mama mdogo hakukaa. Alisimama peke yake, amejiegemeza kwenye panga lake.

Shambani kila mtu anajua pa kusimama. Mkataji hushika muwa kwa mkono wa kushoto, hukata kwa mkono wa kulia, kisha huurusha kushoto kwake, ambako trekta hupita na tela kukusanya. Wageni husimama upande wa kulia, ambako hakuna kinachoruka. Kwa hiyo trekta na tela vilisubiri kushoto, na kulia alisimama meneja na kofia yake nyeupe, na karani wake, na yule injinia, na nyapara.

Baba mdogo alishika vishikio. Alipojiweka sawa, mifuko ikalia.

Injini ilikohoa mara tatu, ikaamka. Mashine iliinama, na kwa muda mfupi hakuna aliyecheka, kwa sababu iliinama kama mama mdogo. Haikuinama kama mkataji yeyote. Iliinama kama yeye, kwanza nyonga, halafu bega moja, halafu la pili, kama anayeshuka ngazi gizani. Ikakamata muwa, ikaukata chini kabisa, ikauinua, ikakata kilele, ikaurusha.

Muwa ulimpata meneja tumboni.

Ilionekana ni bahati mbaya. Meneja alijipangusa, akarudi hatua moja, akatabasamu kama kiongozi. Muwa wa pili ulimkuta pale pale aliporudi. Wa tatu uliondoka na kofia. Karani alijificha nyuma ya injinia, injinia nyuma ya nyapara, na nyapara, ambaye hakuwa na wa kumkinga, alianza kuiamrisha mashine kwa sauti yake ya kazini: rusha kushoto, nimesema rusha kushoto wewe. Mashine ilirusha kulia. Ulikuja wa nne, wa tano, wa sita, kila mmoja kwa mwendo ule ule mzuri, bila haraka wala chuki. Upande wa pili tela lilingoja tupu, na dereva wa trekta alikuwa amelala juu ya usukani, mabega yakimtikisika.

Baada ya muwa wa kumi mashine ilitulia. Injini iliendelea kunguruma, lakini mkono ulishuka, mwili wa bomba ukapanda taratibu mpaka ukasimama wima, na ule uma wa baiskeli ukarudi nyuma ukajishika kiunoni. Ikabaki hivyo. Meneja alitumia nafasi hiyo kufuata kofia yake.

"Imekufa?" aliuliza.

"Hapana, mzee," baba mdogo akasema. "Inanyoosha mgongo."

Meneja alimtazama, kisha akamtazama injinia, kana kwamba shahada ingesaidia.

"Chuma kinanyoosha mgongo."

"Kidogo tu, mzee. Sasa hivi inaendelea."

Kweli ikaendelea, na meneja alikuwa bado ameinama juu ya kofia. Muwa wa kumi na moja ulimpata mahali ambapo karani, katika taarifa yake, aliandika "sehemu ya nyuma ya shughuli".

Kikosi kizima kilikuwa kimelala chini kwa kicheko. Halafu, mmoja mmoja, waliacha kucheka, wakageuka kumtazama mama mdogo. Kila mmoja wao alikuwa ameujua ule mkono kiunoni.

Mashine iliendelea na mstari, ikinyoosha mgongo na kuinama, mpaka meneja akaamuru izimwe. Akiwa na shati lenye michirizi ya masizi kama pundamilia, alisema kwamba haoni ubaya katika ukataji, lakini anataka kujua nani alimtuma fundi kutengeneza mashine inayorusha miwa mahali ambapo tela halipo. Baba mdogo alimjibu kwa uso wa mtu anayeulizwa kwa nini maji yanateremka. Miwa hurushwa kulia, alisema. Watu arobaini walimwambia kwa pamoja kwamba miwa hurushwa kushoto. Aliwatazama mmoja mmoja, akitafuta nani amewapanga.

"Nati," nyapara alisema, safari hii kwa upole wa zahanati. "Mkeo ni mashoto."

"Tangu lini?" baba mdogo akauliza.

Swali hilo lilichekwa msimu mzima uliofuata, na bado linachekwa. Mimi hulicheka pia, halafu hukaa nalo muda mrefu baada ya kucheka. Katika nyumba ile birika liligeukia upande wake, mlango ulifungukia upande wake, na wageni waliungua chai bila kujua kwa nini. Baba mdogo mwenyewe alikuwa amejifunza kukoroga kikombe kwa mkono wa kushoto, akadhani ndivyo chai ikorogwavyo. Kwa macho yake mke wake alitumia mkono, basi, na wengine wote ndio waliokuwa na ule mwingine. Hata mstari wa ukingoni, nyapara wa zamani sana ndiye aliyempa mama mdogo, ili miwa yake iangukie barabarani badala ya miguuni pa jirani. Nyapara yule alikwisha kustaafu, na sababu ilistaafu pamoja naye.

Meneja alisema yeye hana la kuongeza. Vyuma virudi kwenye lundo. Baba mdogo hakubishana. Alifunga petroli, akapiga goti, akatoa spana, akaanza na nati ya kwanza pale pale.

Mama mdogo akavua viatu.

Alipita kwenye mstari uliokatwa na mashine, peku, akikanyaga kila kisiki kwa unyayo wote, bila haraka, na watu wote, meneja pamoja nao, wakajikuta wanamsubiri. Alipofika karibu na mwisho alisimama.

"Hiki kimepanda," alisema.

"Hapo kuna jiwe," baba mdogo akamjibu bila kuinua kichwa.

Aliinama, akafukua kwa ncha ya panga. Jiwe lilikuwepo. Akalitupa kando, akamaliza mstari, akarudi, akasimama mbele ya mume wake aliyekuwa bado amepiga goti na spana.

"Nani alikwambia mimi nasimama kila baada ya kumi?"

"Nilihesabu."

Alisema yeye hasimami kila baada ya kumi. Aligeukia kikosi kutafuta wa kumuunga mkono, akakuta wenzake wote wanachunguza kucha zao.

"Mavuno yalipoanza ilikuwa ishirini na tano," baba mdogo alisema. "Ipo kwenye daftari la kwanza. La pili ni kumi na nane. Nimebadilisha gia mara tatu."

"Sasa uliiweka ya nini? Mashine ina mgongo?"

Hapo aliinua kichwa. Alieleza, kwa ule utaratibu wake wa kusoma maandishi ya mbali, kwamba hakujua ni kitu gani hasa kinachomfanya akate chini. Labda ni mkono, labda ni bega, labda ni kule kusimama. Akaogopa kuacha hata kimoja.

Mama mdogo akajaribu kujitoa, kwa sababu naye ni binadamu. Alisema vilele havikukatwa vizuri. Aliambiwa kwamba vilele havikuwamo katika kiapo. Alisema kelele ni nyingi. Aliambiwa kwamba hata yeye ana kelele. Mwanamke mzee kuliko wote katika kikosi alimkumbusha kwamba alisema "chini", alisema "kama mimi", na mashahidi wapo hai, wameketi, na wana kiu.

Basi aliupangusa ubapa wa panga kwenye kanga yake, pande zote mbili, taratibu kuliko ilivyohitajika, akampa mume wake.

"Shika. Nyolea ndevu."

Baba mdogo alilipokea kwa mikono miwili, akapitisha kidole gumba kwenye makali, akasema asante, lakini kwa ndevu ni refu kidogo.

Nyapara ndiye aliyeona la kufanya, na tangu siku hiyo amekuwa akilisimulia kama vile yeye ndiye aliyeibuni mashine. Kila shamba lina ukingo, alimwambia meneja, na ukingo sasa umekosa mtu. Miwa ya ukingoni imekuwa ikirushwa kulia, barabarani, kwa miaka yote, na trekta linajua kuifuata huko. Meneja alifikiri, akijipapasa tumbo. Alikubali kwa masharti mawili. La kwanza, siku mashine inapofanya kazi, yeye awe upande mwingine wa shamba. La pili, ile tabia ya kunyoosha mgongo iondolewe.

La kwanza limetekelezwa kikamilifu. La pili baba mdogo aliripoti kwamba limeunganishwa na kila kitu na haliwezekani kwa sasa. Alichofanya ni kubadilisha gia kwa mara ya nne. Msimu mpya ulipoanza, mashine ilisimama kila baada ya muwa wa thelathini.

Mama mdogo alikaa nyumbani siku ya kwanza mpaka saa tatu asubuhi. Saa tatu na nusu alionekana kwenye barabara ya matrekta na mwavuli, akitembea nyuma ya mume wake na mashine, akikanyaga visiki. Kikosi kilimkaribisha kwa vigelegele na kutangaza kwamba mke mkubwa amekuja kumsimamia mdogo. Nyapara alilalamika kwamba shamba sasa lina nyapara wawili na mmoja wao ana mwavuli. Kila kisiki kilichopanda, mama mdogo aliita, baba mdogo akazima injini, wakafukua pamoja, na kwa kawaida lilikuwa jiwe. Mara moja ilikuwa spana yake.

Mgongo haukunyooka kwa siku moja, na haukunyooka wote. Muuguzi alisema kilichokwisha kupinda hakirudi chote, na kwamba ashukuru kwa kitakachorudi. Kilirudi kidogo kidogo, na hakuna aliyekuwa akikihesabu, hata baba mdogo. Ilikuwa mwezi wa nne bila panga, baada ya chakula cha mchana, mama mdogo alipokuwa jikoni anatafuta mfuniko wa sufuria, akainua macho, akaona juu ya kabati.

Alikuwa hajapaona kwa miaka. Vumbi lilikuwa nene kama blanketi. Juu ya vumbi kulikuwa na kabureta mbili, nusu ya saa ya ukutani, pedali, cherehani isiyo na gurudumu, na boksi zima la vitu ambavyo baba mdogo, kwa nyakati mbalimbali na kwa viapo mbalimbali, alikuwa amehakikisha kwamba ameshavitupa.

Alimwita. Nilikuwa mezani, kwa hiyo nilisikia yote.

"Hivi viko hapa tangu lini?"

"Miaka kumi na moja," baba mdogo alisema. "Kabureta, tisa."

"Na ulijua mimi sifiki huko kwa macho."

"Nilijua."

Alimgombeza kwa muda mrefu. Alimgombeza akiwa amesimama mbele yake, uso kwa uso, kidole chini ya pua yake, na baba mdogo aliweka mikono nyuma akamsikiliza kwa makini, kama mtu anayesomewa hati ya pongezi. Mama mdogo alipoishiwa na maneno, akaanza kugeuka, baba mdogo alikohoa, akanyoosha mkono kuelekea rafu iliyokuwa juu zaidi, karibu na dari.

"Na kule pia," alisema. "Tazama."